Kitukuu wa Bibi Yuko Uganda

Kijiji kizima cha bibi, kule Kurui, kiliamini kwamba dada yangu amejifungua mtoto wa kiume Uganda, na aliyekiaminisha ni mimi. Sikusema uongo. Nilisema tu kwamba dada ana mtoto, kwamba mtoto ana nywele nyingi, na kwamba masikio yamefuata upande wa mjomba. Yaliyobaki watu walijaza wenyewe. Siku moja nikafika nikakuta jirani amemletea bibi kuku, kuku mzima na miguu yake, kumpongeza kwa kupata kitukuu. Bibi akampokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaomba na dua. Jirani alipotoka akanigeukia.

"Mpagazi wewe, umenitia dhambini."

"Mrudishe kuku basi."

"Nimrudishe kwa nini? Kwani kitukuu sina?"

Tukamla. Alikuwa mtamu kinoma.

Mtoto mwenyewe alikuwa sokwe.

Niweke mambo sawa mapema. Baba yangu ni Mnyamwezi wa Tabora, alihamishiwa Kibaha kikazi, na tunakaa Pangani, hii ya Kibaha, siyo ile ya Tanga, nimechoka kuulizwa habari za bahari. Mama ni Mzaramo wa Kurui. Mtoto hufuata kabila la baba, kwa hiyo mimi ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi hizo mababu zetu wanabeba pembe za ndovu kichwani kuzileta pwani. Maana yake nilizaliwa mtani wa mama yangu mzazi, wa mjomba wangu, na wa bibi yangu. Na juu ya huo kuna utani mwingine wa bibi na mjukuu, ambao hauhitaji kabila. Bibi aliniita mume wangu nikimletea kitu, na mpagazi nikienda mikono mitupu. Dada alikuwa mke mwenzake. Katika ukoo wa namna hiyo, ukitaka kuwa mtu wa heshima zake unapata tabu sana, nami sikujisumbua.

Dada ndiye aliyekuwa na heshima zake. Yeye alikuwa wa bibi kabisa. Alipozaliwa, mama alikuwa bado chuo cha uuguzi, akampeleka Kurui akiwa mchanga, na dada akakulia pale mpaka akamaliza la saba. Hata leo ukimkurupusha ukamuuliza mama yake nani, kuna kijisekunde anasita. Maza anakijua hicho kijisekunde.

Alisomea mambo ya wanyama, akamaliza, akarudi kukaa nyumbani. Si unaijua kukaa? Unalisha kuku wa mama, unatuma maombi ya kazi, unalisha kuku wa mama. Ndipo kituo kimoja cha Uganda kinacholea sokwe yatima kikamkubali akajitolee. Chakula na pa kulala watampa, mshahara hakuna. Baba alipoambiwa aliweka kijiko chini.

"Sokwe wapo Kigoma. Treni inatoka kwetu Tabora inafika mpaka huko. Wewe unavuka mpaka kufuata sokwe?"

"Kigoma nimeomba, baba, wamesema hawana nafasi."

"Wamesema sokwe au watu?"

"Watu, baba."

"Yaani unaenda kumbembeleza mtoto wa nyani bure, na watoto wa shangazi yako Tabora wanalia hawana wa kuwabembeleza."

"Hata mimi hapa nipo tu," nikasema, "na sijabembelezwa siku nyingi."

Nikafukuzwa mezani. Lakini siku mbili tatu baadaye baba aliingia na begi jipya la safari, akalisimamisha mlangoni kwa dada, akaenda kuangalia taarifa ya habari kana kwamba begi limetembea lenyewe.

Kazi aliyokwenda kuifanya alitueleza kwa simu, kidogokidogo. Majangili wanamuua sokwe mama kwa ajili ya nyama, halafu mtoto wanamuuza akachezewe kwenye nyumba za watu. Wachache hukamatwa njiani na kuletwa kituoni. Kila yatima mchanga anapewa mtu mmoja tu, na huyo mtu ndiye anakuwa mama: anambeba mchana kutwa, analala naye kifuani, anamnywesha maziwa. Ukiwa na mafua humsogelei, kwa sababu mafua yetu haya ya kupenga na kusahau yanawaua. Dada alipewa wa kutoka upande wa Kongo. Aliletwa ndani ya katoni, risasi za gobore zimebaki mkononi mwake. Walipomkamata alikuwa bado ameng'ang'ania manyoya ya mama yake, na mama keshakufa. Alipofika kituoni akang'ang'ania taulo. Dada akauliza kama amtoe lile taulo lenye damu, wenyeji wakamwambia hapana, huyu habanduliwi, kaa naye hapohapo mpaka aachie mwenyewe. Akakaa naye sakafuni. Alipoachia taulo, akamshika yeye.

Bibi alizitaka habari hizi kuliko alivyotaka sukari. Tatizo lilikuwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, upasuaji kaukataa, anasema kisu ni cha muhogo. Kioo cha simu kwake kilikuwa taa tu. Dada akituma video, mama ataiangalia mara tatu, mimi mara kumi, bibi ataona mwanga unacheza. Basi kila wikendi niliyotumwa Kurui nilikuwa nazikariri video nyumbani, halafu nikifika namwigizia. Mwili wangu mkubwa karibu yake aliuona, kivuli chake na mijongeo yake. Kuigiza ndiyo fani yangu ya pekee. Namweza mkuu wa shule yetu akikohoa kabla ya kuchapa, namweza baba akitafuta miwani aliyoivaa. Shule huwa nachapwa kwa kipaji hiki. Kwa bibi nililipwa pipi za mnanaa, alizokuwa anazifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Leo kafanya nini?"

"Leo kajifunza kupanda." Nashika nguzo ya baraza, naparamia, nateleza, natazama nyuma kama dada yupo, naparamia tena.

"Anatazama nyuma?"

"Kila hatua."

"Mwanangu huyo," anasema bibi, anafungua pindo.

Ni yeye aliyetoa mbeleko. Kanga kuukuu, imefuliwa mpaka maandishi yamekimbia, ileile aliyombebea dada mgongoni. Akaniagiza niipeleke Kibaha, ipandishwe basi. Mama aliikunja polepole sana, akainusa, akanipa. Video iliyofuata, kitukuu amefungwa kifuani kwa dada ndani ya kanga ya Kurui, kichwa tu nje, anatutazama kama tunadaiwa. Hiyo niliiigiza kwa kujifunga shuka na kutoa kichwa. Bibi alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, nikampa maji.

Kikohozi hakikwisha. Miguu nayo ikaanza kuvimba. Mama akamleta Pangani ili amwangalie kwa karibu, hospitali wakasema moyo umechoka, wakampa vidonge vya rangirangi. Akakaa kwetu kidogo, akagoma. Nyumba yenu ina geti, akasema, mimi si ng'ombe. Akarudishwa Kurui, na mama akawa anakwenda na kurudi kati ya zamu zake.

Siku moja mama alimpigia dada mbele yangu, akaweka sauti ya nje.

"Njoo umwone bibi yako."

Nyuma ya dada tukasikia kijisauti, hu-hu-hu, kama mtu anapuliza uji.

"Mama, nikimwachia mtu mwingine anakataa chupa. Juzi nilikwenda mjini asubuhi tu, nimerudi nimemkuta anajing'oa nywele. Kakonda. Nipe muda azoee mwenzangu mmoja. Anakaribia kuzoea."

"Na bibi yako akikaribia?"

Mama akakata simu, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kupeleka jibu hilo Kurui nikaachiwa mimi. Njia nzima nilikuwa natafuta pa kuliwekea kichekesho, nikakosa. Bibi alikuwa amekaa mkekani, miguu juu ya mto. Nikamwambia kama lilivyo. Akauliza:

"Akiachwa anafanyaje? Nionyeshe."

Nikapiga magoti pale mkekani. Nikashika gauni lake kwa vidole vya mikono yote miwili, nikaingiza uso kwapani mwake, nikatetemeka. Nilikuwa naigiza. Baadaye kidogo sikuwa na uhakika.

Mkono wake ukaja kichwani kwangu, ukakaa.

"Hivyohivyo," akasema. "Dada'ako siku mama'enu kamwacha hapa kaenda chuo, alinishika hivyohivyo. Uji hataki, ziwa la mke wa mjomba'enu hataki. Nilikwenda naye shamba, nilikwenda naye kisimani, nilikwenda naye chooni, mume wangu, nisikufiche. Kwetu Chole nikaletewa taarifa kaka'angu mgonjwa, sikwenda. Ningempeleka wapi mtoto kakushika vile? Mwambie akae. Akizoea atakuja."

"Na huyo kaka yako?"

"Alikufa," akasema. Akafungua pindo, akanipa pipi, akala na yake.

Nikampigia dada, nikamfikishia neno kwa neno. Alilia, nikamwambia bando langu ni la kuongea, si la kulia. Akacheka kidogo huku analia. Akakaa.

Mvua za masika zikaanza, na bibi akabadilika. Maneno yakawa mafupi. Nilifika nikaanza kumwonyesha kitukuu anavyojifunza kuvunja mti kutandika kiota, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Mwambie aje sasa. Huyo mtoto keshakunywa ya kutosha. Nataka nimpapase uso."

Dada hakubisha safari hii. Kanga akamwachia mtoto, imejaa harufu yake, akamfungia kifuani kwa yule mwenzake, akatoka kwa mlango wa nyuma ili asimsikie akilia. Alimsikia. Akapanda basi. Alikuwa ameshaingia upande wetu wa mpaka, kaipita Bukoba, wakati bibi anakata roho, mchana, mama kamshika mkono huu na mjomba ule. Mimi nilikuwa nje natwanga kisamvu. Sikuambiwa. Nilisikia mama ameita "Mama!" kwa sauti ya mtoto mdogo, nikajua.

Mazishi yakapangwa kesho yake baada ya adhuhuri. Mama aliomba wangoje hadi jioni, mwanangu yuko njiani. Shehe akasema kwa upole kwamba maiti hacheleweshwi. Mjomba, kaka yake mama, ndiye mkubwa wa msiba. Mjomba ni mtu mkavu. Tangu nimjue sijawahi kumwona ananijibu utani; nikimwita mvivu wa Kizaramo ananitazama kama tangazo la zamani ukutani. Alisema, "Maiti hasubiri basi," akaondoka kwenda kutafuta mbao.

Asubuhi ya mazishi nikapata simu ya dada. Lori limeanguka mbele ya Chalinze, magari hayaendi. Akishuka Mlandizi atachukua bodaboda hadi Mzenga na kuja. Barabara ile kwa masika unaifahamu au huifahamu; ni uji.

"Wanazika saa ngapi?"

"Wewe njoo tu."

"Saa ngapi?"

"Njoo, dada."

Sikupanga kitu. Nilikwenda makaburini, nyuma ya mikorosho ya ukoo, nikakuta wachimbaji wanamalizia mwanandani, ule mfereji wa ndani kabisa anamolazwa mtu. Nikasema hebu nipime kama mke wangu atatosha. Nikaruka ndani na kanzu ya kuazima, nikajilaza.

Sasa hilo, kwa mtani, linaruhusiwa. Mtani msibani ana haki ya kuwaudhi wafiwa hadi wapumue kidogo. Anaigiza marehemu, anazuia jeneza, anaingia kaburini, na hatolewi kwa nguvu mpaka apewe chochote. Nimewaona watani wakubwa wakifanya hivyo, dakika chache, watu wanacheka machozi, wanampa kitu, anatoka. Na mtani akiwa ndani ya kaburi, jeneza halitoki nyumbani. Hapo ndipo nilipopataka.

"Toka wewe, mtoto wa mpagazi," akasema mmoja, anacheka.

"Sitoki. Nafiwa na mke, hakuna hata aliyeniuliza kama nimeridhia."

"Unataka nini?"

"Mahari yangu. Nimeoa kwa dagaa, nimeoa kwa sukari, nimeoa kwa kumtwangia kisamvu. Rudisheni vyote."

"Kisamvu umekila mwenyewe!"

"Na maganda ya pipi mnirudishie."

Wakaja wengine kutazama. Mmoja akanimwagia udongo miguuni. "Tumzike huyu kwanza, tutachimba jingine."

"Wazaramo mtachimba jingine lini? Hili lenyewe kila jembe moja mmepumzika mara mbili, mngesikia ngoma mngelikimbia."

Kicheko kikawa kikubwa. Mtu akatumwa nyumbani kusema kaburi lina mtani. Nikamwigiza bibi akitoka msikitini, mkono kiunoni, anawatukana mbuzi wa jirani. Wakacheka na wakafuta macho. Nikaigiza sokwe. Niliparamia ukuta wa kaburi nikateleza, nikatazama nyuma, nikaparamia, na safari hii nyuma hapakuwa na kitu isipokuwa udongo.

Shehe akaja, akainama ukingoni.

"Kijana, mambo haya hayamo kwenye dini."

"Shehe, hata mimi simo. Nimo shimoni tu."

Wachache wakacheka. Nilianza kuona kwamba ni wachache. Ukiwa ndani ya kaburi unaona miguu ya watu na kipande cha mbingu kati ya majani ya mkorosho. Nilikuwa na simu mfukoni, nikaitoa kwa siri, haina hata kijiti kimoja cha mtandao. Shimoni hakushiki, ndugu zangu, jueni hilo mapema. Nikasema tena ya mahari. Nikasema tena ya ngoma. Mtu mzima mmoja akasema, "Basi, mtani, umecheza vizuri, basi." Mjomba alikuja mara ya kwanza, akasikiliza, akasema naenda ndani kukuletea hela yako, akaondoka. Akakawia. Akarudi, akasema amesahau ilipo, akaenda tena. Akakawia tena. Matone yakaanza kuanguka.

Aliporudi mara ya tatu hakusimama ukingoni. Aliwaambia waliokuwepo wasogee kwenye miti wasilowe, akateremka. Mtu mzima yule, na kanzu nyeupe, akakaa kando yangu, magoti yetu yakagusana kwa ufinyu.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinifanye mimi mjinga. Dada'ako."

"Mara ya mwisho alikuwa Chalinze. Kuna lori."

Akatikisa kichwa polepole. "Hela sikuwa natafuta. Mara zote mbili nimekwenda kukaa kitandani kwa mama. Nikasema nikikawia huko, na wewe ukikawia huku, labda."

Nilikuwa nimemdhania mtu huyu ubao miaka yote.

"Ila sasa mvua," akasema. "Humu kukijaa maji nimlaze wapi mama'angu? Keshaoshwa. Yuko pale sebuleni katulia, anatungoja sisi wawili."

Hakunivuta. Alikaa tu, maji yanamtiririka kwenye kofia. Nilikuwa nimeushika ukingo wa mwanandani. Niliona vidole vyangu vimejaa udongo, nikaviachia, kimoja baada ya kingine, kama si vyangu. Mjomba akaingiza mkono mfukoni, akatoa pipi moja ya mnanaa, karatasi yake imelainika.

"Ilikuwa kitandani. Mtani haondoki bure. Haya, mpagazi. Utanipokelea."

Wakamleta. Wakatanda shuka juu ya kaburi, kama anavyositiriwa mwanamke, na chini yake ikawa mwanga wa kijani wa shuka lenyewe, mimi na mjomba tumesimama, mikono juu. Akashuka kichwa kwa mjomba, kiuno na miguu kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito. Nilijikaza mgongo. Hakukuwa na uzito wa kujikazia, mwili wangu ukayumba nyuma kwa nguvu iliyokosa kazi, mjomba akaninong'oneza, "Taratibu." Tukamlaza. Tukapanga mbao. Tukatolewa kwa kushikwa mikono.

Dada alifika tumeshamwagia kaburi maji, kama vile mvua haikutosha. Alishuka kwenye bodaboda ana matope hadi kwenye nyusi, amevaa barakoa ya kituoni, ameisahau usoni. Alitutazama wanaume tunavyorudi na majembe. Akaingia kwa kina mama, na kilio kilichokuwa kimepungua kikaanza upya.

Na baada ya kilio, yule jirani wa kuku akamshika magoti.

"Pole mwanangu. Na mtoto umemwacha na nani?"

Nilikuwa mlangoni. Nilitamani kaburi langu. Dada akanitazama mimi, halafu yule mama.

"Nimemwachia mwenzangu," akasema. "Ana kanga ya bibi."

"Afadhali," wakasema wale wanawake, "afadhali ana kanga ya bibi yake." Hakuna aliyewasahihisha, hata mama.

Siku ya khitma, wakati watu wanakula, simu ya dada ililia ujumbe. Pale kwenye kisiki kando ya banda la kuku ndipo mtandao unaposhika vizuri Kurui, na alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi. Akausoma. Akaniita nisome na mimi. Yule mwenzake aliandika kwamba mtoto amekunywa. Chupa nzima, na amelala.

"Kumbe anaweza," akasema dada.

Nikakaa kwenye udongo karibu yake. Nilikuwa na kichekesho kuhusu watoto wa siku hizi, kikafika mpaka kwenye meno, nikakimeza.

"Angekunywa wiki moja nyuma," akasema. Kisha: "Sikusema hivyo. Usimwambie mama nimesema hivyo." Akazima simu, akaipangusa kwa gauni, akaiwasha tena, akausoma tena ule ujumbe. Kuku walikuwa wanadonoa wali miguuni petu.

"Mjomba kaniambia ulimpokea wewe."

"Mimi na yeye."

"Alikuwaje?"

"Mwepesi."

"Mwepesi vipi?"

Nilijaribu kusema nikashindwa. Kama nini? Kama kuni? Kama mtoto? Kila neno lilikuwa la uongo.

"Nionyeshe," akasema dada.

Basi nikasimama pale nyuma ya banda, sahani yangu nikaiweka juu ya kisiki. Nikapanua miguu kama tulivyosimama kule ndani. Nikainua mikono juu, nikalingoja shuka, nikapokea. Nikayumba nyuma pale nilipoyumba. Nikashuka naye taratibu mpaka kiunoni, nikabaki nimemshika hivyo, mkono mmoja chini ya magoti, mmoja chini ya kiuno, na dada akasogea akatazama mikono yangu kwa muda mrefu, kwa karibu, kama bibi alivyokuwa akitazama. Nilianza kuchoka mabega. Sikuishusha mikono.